Unataka kuandika filamu? Usikimbilie ukurasa wa kwanza

UNA wazo la filamu. Umelibeba kichwani tangu mwaka jana, umewasimulia mabeste mkingoja matatu na wote wamekuambia hiyo ni moto. Usiku mmoja unafungua laptopu, unaandika "ONYESHO LA 1. NJE. KAYOLE. ASUBUHI" na vidole vinaanza kukimbia. Kurasa kumi za kwanza zinatiririka. Ya ishirini inaanza kukohoa kama matatu kuukuu. Ukifika ya thelathini umekwama kabisa. Hujui mhusika wako anaelekea wapi, na faili inaenda kukaa na zile zingine nne kwenye folda ambayo hujaifungua tangu Krismasi.

Wengi wakifika hapo hujiambia hawana kipaji. Mara nyingi kipaji kiko. Kilichokosekana ni kujua steji ya kushukia kabla ya kupanda gari.

Waandishi wanaolipwa kwa kazi hii hukawia sana kabla ya kuandika onyesho la kwanza. Mwalimu wa uandishi wa filamu kutoka Marekani, Robert McKee, anaeleza katika kitabu chake Story cha 1997 kuwa mwandishi aliyeiva akiwa na miezi sita ya kuandika skripti, minne ya kwanza huipitisha kwenye vijikadi vya karatasi akipanga na kupangua hadithi. Mazungumzo ya wahusika huja mwishoni.

Kwa kijana wa hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, nayo ni pesa. Kufuta wazo bovu kwenye karatasi ni bure. Kuligundua siku ya kupiga picha, wakati watu ishirini wanangoja chakula, jenereta inakunywa petroli na mwenye nyumba anataka nyumba yake saa kumi na mbili, kunaweza kukumalizia bajeti yote. Halafu fikiria hivi: maandalizi ndiyo sehemu pekee ya filamu ambayo haihitaji kamera, taa wala prodyusa mwenye mfuko mnene. Hapo, kijana wa Mathare na yule wa Lavington wanaanza wakiwa sawa.

Basi kazi yenyewe inafanywaje?

Anza na sentensi moja

Jaribu kusema filamu yako yote kwa sentensi moja. Wenye kazi huiita loglaini. Ndani yake kuna mambo manne: ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na atapoteza nini akishindwa.

Chukua Nairobi Half Life ya 2012, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, filamu ya kwanza Kenya kuwasilisha kuwania tuzo za Oscar. Sentensi yake inaweza kuwa hivi: kijana wa mashambani anayeota kuwa mwigizaji anaingia Nairobi, anaibiwa siku ya kwanza, kisha anajikuta akiiba na genge huku akifanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Hata kama hujaiona, tayari unasikia mgongano. Maisha hayo mawili hayawezi kukaa ndani ya mtu mmoja kwa muda mrefu.

Sasa linganisha na hii: "Ni filamu kuhusu ghetto na vile mayut wanahustle." Hiyo ni mada. Mada haina miguu ya kutembea kurasa tisini.

Hebu tujenge mfano wetu. Tumwite Wanja, miaka 22, anayehudumu kwenye duka la M-Pesa huko Kayole. Ijumaa jioni, foleni ikiwa ndefu, anakosea tarakimu moja na Sh60,000 zinaenda kwa nambari ya mtu asiyemjua. Ana hadi Jumapili jioni, mwenye duka anapokuja kupiga hesabu, kuzirudisha. Akishindwa anafutwa kazi, na karo ya mdogo wake aliyeko kidato cha nne inapotea naye.

Sentensi kama hiyo inaweza kukuchukua wiki nzima. Usione haya. Ukiona haikamiliki, hadithi yenyewe haijakamilika, na ni heri ulijue leo.

Mjue mtu wako

Watu wengi wakiambiwa watengeneze mhusika huandika urefu wake, rangi anayopenda na shule aliyosomea. Hayo hayasukumi hadithi. Yanayoisukuma ni maswali mawili magumu: anataka nini kwa nje, na ndani yake kuna nini kinachomzuia?

Katika Supa Modo ya 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, Jo ni msichana mdogo aliye mgonjwa wa kufa, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mamake anataka kumlinda nyumbani. Dadake anataka aishi siku zilizobaki kwa furaha. Wote watatu wanapendana, hakuna mbaya hata mmoja, lakini kila mmoja anavuta upande wake. Skripti hiyo iliandikwa na kundi la waandishi, wakiwemo Silas Miami, Wanjeri Gakuru na Mugambi Nthiga. Ona walivyopata ugomvi bila kuhitaji bunduki wala mchawi.

Turudi kwa Wanja. Kwa nje anataka Sh60,000. Na kwa ndani? Tuseme ni mtu asiyeomba msaada. Tangu babake aondoke yeye ndiye nguzo ya nyumba, na amejiapiza kuwa hakuna atakayemwona akilia. Sasa shida yake ina makali, kwa sababu njia ya kutoka inapitia mahali pale pale anapokataa kwenda: itabidi aombe. Ukishajua hilo, unaanza kuuona mwisho wa filamu hata kabla hujaandika mwanzo.

Fanya vivyo hivyo kwa kila mtu muhimu katika hadithi. Mwenye duka naye ana shida zake. Ukimwandika kama simba wa kunguruma tu, mtazamaji atamchoka kufikia dakika ya kumi.

Toka nje ukaulize

Hapa ndipo wavivu hujulikana. Tatizo la Wanja likitajwa tu, kila Mkenya aliye na simu atauliza: "Si angerudisha tu hiyo pesa?" Kila mtu anajua ukikosea nambari unatuma ujumbe kwa 456 kuomba pesa zirudishwe. Kama hukujiandaa, filamu yako imekufa hapo.

Dawa yake ni kwenda kwenye duka lenyewe, ununue soda hapo jirani, uombe dakika ishirini wakati hakuna wateja. Uliza: wakala akikosea hufanya nini? Humpigia nani, na hujibiwa baada ya muda gani? Mwenye duka hujuaje kuwa hesabu haikutimia? Ni saa ngapi za siku huogopwa zaidi, na kwa nini? Utajifunza kuwa mteja akiweka pesa, floti ya wakala inapungua na keshi yake inaongezeka. Akitoa, mambo yanageuka. Na utasikia kuwa aliyepokea akishazitoa hizo pesa na kuzitumia, kuzirudisha kunakuwa shughuli nyingine kabisa.

Tazama hilo jibu la mwisho limekupa nini. Sasa Wanja anashindana na saa. Lazima amfikie huyo mtu kabla hajafika kwa wakala mwingine. Utafiti umeondoa shimo, tena umekupa mbio za filamu nzima.

Mwandishi Dustin Lance Black alifanya kazi ya namna hiyo alipokuwa akiandaa Milk, filamu ya 2008 kuhusu Harvey Milk, mwanasiasa wa San Francisco aliyeuawa 1978. Aliwatafuta watu waliomfahamu Milk, akakaa nao na kuwasikiliza, kisha akayahamishia aliyoyapata kwenye vijikadi na kuvipanga mezani kabla ya kuandika. Kazi hiyo ilimpa Oscar ya skripti bora mwaka 2009.

Tahadhari moja: anayekusimulia maisha yake hajakupa ruhusa ya kumwanika. Badilisha jina, mtaa na chochote kinachoweza kumfanya atambulike. Na ukiahidi kumwonyesha filamu ikitoka, timiza.

Na kama hadithi yako ni ya ulimwengu wa kubuni, utafiti wako ni kutunga kanuni. Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki ya FIPRESCI katika tamasha la Toronto mwaka 2016, inamfuata Kaleche, anayejikuta nyikani bila kukumbuka lolote na kukutana na watu waliokwisha kufa. Mahali kama hapo panahitaji sheria: nani anaweza kuondoka, na kwa sababu gani? Ziandike kwenye karatasi moja kabla ya kuanza. Ukizivunja katikati ya filamu, mtazamaji atakushika.

Fungua masikio

Watu wa Nairobi hawaongei lugha moja kutwa nzima, na hapa skripti nyingi huanguka. Kila mhusika anaongea kama mtangazaji wa habari, ama kila mtu, hata shosho, anamwaga Sheng.

Panda matatu bila vifaa vya masikioni. Kaa Gikomba, kaa kinyozi, kaa kwenye kibanda cha chai, usikilize. Usirekodi watu kisirisiri. Sikiliza, kisha ukishuka andika unachokumbuka. Utagundua mtu yule yule hubadilisha lugha kila anapobadilisha uso wa kumtazama. Wanja akipoteza pesa atamwambia rafikiye: "Manze, nimechezwa. Ganji yote imeenda." Mamake akipiga simu atasema: "Niko sawa, mathe, usijali. Ushakula?" Na mwenye duka akitokea: "Boss, kuna kitu kidogo nilitaka kukueleza." Janga ni moja, ila maneno ya kwanza yamekuonyesha hofu yake, ya pili upendo wake, ya tatu woga wake mbele ya anayemlipa.

Kumbuka pia Sheng inazeeka upesi. Neno lililokuwa kali Umoja mwaka jana huenda leo linachekwa. Ukiwa huishi mtaani humo, tafuta anayeishi akusomee mistari yako na akukosoe.

Panga ukutani

Sasa una mtu, shida, ukweli na sauti. Ni wakati wa mifupa. Nunua karatasi ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja, na kila kipande kibebe onyesho moja: ni wapi, nani yuko, nini kinabadilika. Mwandishi Blake Snyder, katika kitabu chake Save the Cat! cha 2005, alipendekeza kadi 40 kwa filamu nzima, zikiwa zimepangwa safu nne. Kama landilodi hataki vitu ukutani, tandaza sakafuni.

Kabla ya kubandika, pima kila kadi na jirani yake. Waundaji wa South Park, Trey Parker na Matt Stone, wana kipimo rahisi. Ukikuta kati ya onyesho moja na linalofuata neno linalofaa ni "halafu", uko taabani. Linalotakiwa ni "kwa hivyo" au "lakini". Mjaribu Wanja:

Anatuma pesa kwa nambari isiyo yake. Kwa hivyo anampigia aliyepokea. Lakini simu imezimwa. Kwa hivyo anaziba pengo kwa pesa za chama cha mamake, ambazo zinahitajika Jumatatu. Lakini chama kinasogeza mkutano hadi Jumapili asubuhi. Kwa hivyo sasa ana mashimo mawili badala ya moja.

Kila hatua imezaliwa na iliyotangulia. Ukiondoa moja, zingine zinaanguka. Lakini ukipata kadi unayoweza kuitoa na hakuna kinachotikisika, itoe, hata kama ndiyo yenye utani unaoupenda kuliko yote. Inauma, lakini hapa inauma bila kugharimu.

Kumbuka hesabu moja: kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye skrini. Kadi yenye mambo ya kurasa nane ni karibu dakika nane za mtazamaji. Je, anastahili kukaa hapo muda huo?

Paukwa? Pakawa!

Kabla ya kuandika, simulia. Paul Schrader, aliyeandika Taxi Driver ya 1976, amekuwa akiwashauri waandishi waisimulie hadithi kwa mdomo, tena na tena, kwa watu tofauti. Kwake, ukiweza kumshika msikilizaji kwa dakika 45 hivi, una filamu.

Sisi hili halipaswi kutushangaza. Bibi zetu walijua zamani kuwa hadithi hupimwa kwa macho ya wanaosikiliza. Mtoto akianza kuchezea mkeka, bibi alibadilisha mwendo. Fanya vivyo hivyo. Mkalishe rafiki, mnunulie chai, msimulie filamu nzima bila kusoma popote. Usimuulize kama ni tamu, kwa sababu atakudanganya akulinde moyo. Tazama anaposhika simu, maana hapo umempoteza. Anapouliza "Eh, sasa ikawaje?" jua kuna kitu. Na pale wewe mwenyewe unapoanza kusema "ngoja, nimesahau kukuambia…", kuna kadi iko mahali pasipofaa.

Baada ya masimulizi matatu au manne, yaandike kwa nathari ya kawaida, kurasa tano hadi kumi, wakati uliopo, bila mazungumzo marefu. Hiyo ndiyo tritimenti. Prodyusa wengi wataomba kuisoma hiyo kabla ya kuomba skripti.

Mfuko na sheria

Kama unaandika filamu utakayoipiga wewe na marafiki, hesabu kabla ya kuanza. Wahusika wangapi? Mahali pangapi? Usiku mangapi? Hadithi ya Wanja inaweza kubebwa na duka moja, nyumba moja na mtaa mmoja. Ukimwongezea helikopta, itabidi umtafute mwenye helikopta.

Pili, jilinde. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kinacholindwa ni kazi iliyoandikwa au kurekodiwa, si wazo linaloelea hewani. Ukimmwagia prodyusa wazo lako kwenye mkahawa bila karatasi yoyote, kesho ukiona kitu kama hicho kwenye TV huna pa kushika. Tritimenti iliyoandikwa ina jina lako na ina tarehe. Unaweza kuisajili mtandaoni na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO), kisha utume kwa baruapepe ili kuwe na ushahidi wa nani aliipokea na lini.

Upande wa pili wa shilingi: usichukue cha wenyewe. Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018) ilitokana na 'Jambula Tree', hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ukitaka kugeuza kitabu au hadithi ya mtu kuwa filamu, haki za kufanya hivyo hutafutwa mwanzo, kabla hujamaliza miezi ukiandika kitu ambacho huruhusiwi kukiuza.

Na ujue Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani (Sura ya 222) inamtaka anayeomba leseni ya kupiga filamu awasilishe maelezo ya maonyesho na maneno yatakayosemwa. Leseni hiyo hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB). Kwa hivyo ile tabia ya "tutajua dialogi tukifika lokesheni" inaweza kukukwamisha mapema.

Ila usijifiche kwenye kadi

Kuna ugonjwa wa upande mwingine pia. Kuna mtu amefanya utafiti miaka mitatu, ana kadi za rangi nne, anajua hadi aina ya viatu vya babu wa mhusika, lakini skripti hana. Maandalizi yamekuwa kichaka cha kujifichia, kwa sababu kadi haiwezi kukataliwa na prodyusa.

Utajuaje uko tayari? Jipime kwa maswali haya. Unaweza kuisema filamu kwa sentensi moja bila kukwama? Unajua mwisho wake? Unaweza kuisimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutazama kadi? Na kuna maonyesho mawili au matatu ambayo unawashwa kuyaandika? Ukijibu ndiyo mara nne, kinachobaki ni woga, na woga hautibiwi na utafiti zaidi.

Kwa hivyo weka tarehe. Jipe wiki sita au nane za maandalizi kama una kazi au masomo, iandike tarehe ya kuanza kurasa kwenye kalenda, na umwambie mtu mmoja asiyeogopa kukuuliza. Rasimu ya kwanza itakuwa na makosa, kila mwandishi anajua hivyo. Lakini itakuwa na mwisho, na skripti iliyofika mwisho inaweza kurekebishwa. Programu za kuandikia kama Celtx na Final Draft zitakungoja. Wikendi hii, kinachohitajika ni kalamu, manila moja, na duka la jirani unaloweza kuingia na kuuliza: "Samahani, naweza kukuuliza kuhusu kazi yako?"